Kutafuta kazi ukifika Kanada humjui mtu: mwongozo kamili kwa aliyetoka Dar

Kila wiki naletewa voisnoti ya aina moja. "Kaka habari, nimefika Toronto wiki ya saba hii, nimeaplai kazi kama mia na ishirini mtandaoni hamna hata mmoja aliyenipigia, huku ni ubaguzi au mimi ndo nina mkosi?" Namwambia anitumie CV. Naifungua na jibu naliona hata sijaanza kusoma, picha ya pasipoti yenye bakigraundi ya bluu iko pale juu kulia inanitazama.

Niliishi Toronto miaka sita, nimebeba boksi, nimefagia, mwisho nikarudi kwenye mahesabu yangu, sasa hivi niko zangu Tabata. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa hiyo naandika mara moja.

Huu mwongozo ni wa mtu mwenye ruhusa ya kufanya kazi, yaani una PR (ukaazi wa kudumu), au kibali cha kazi, au ni mwanafunzi na kibali chako kinakuruhusu (mwanafunzi nje ya chuo mwisho ni saa 24 kwa wiki masomo yakiwa yanaendelea). Mwenye viza ya matembezi haruhusiwi kufanya kazi, na huyo anayekwambia "nenda tu utajipanga huko huko" hatakuwepo siku mambo yakiharibika. Mifano yangu ni ya Ontario, jimbo lenye Toronto, maana ndo nilikoishi, majimbo mengine yana viwango vyao.

Halafu kitu kimoja kiwe kichwani tangu mwanzo. Sisi watu wa Dar tunaamini konekshen ziko Bongo tu na majuu ni vyeti. Sio kweli. Kule nako wanaajiri mtu ambaye wameambiwa habari zake, tofauti ni kwamba sio lazima awe mjomba wako, anatakiwa awe mtu yeyote wa kule kule ambaye akipigiwa simu atasema "huyu namjua, anafika kwa wakati, hana shida". Huyo tumwite mdhamini. Ukimpata mmoja tu kazi ya pili inakuwa rahisi, na hatua zote hapa chini zinaelekea kwake.

## Vitu vya kukusanya ukiwa bado Dar

Fanya hivi kabla ya kukata tiketi, maana kutuma mtu akufuatilie karatasi Posta wewe uko kwenye baridi utalia.

- Barua ya kazi kutoka kila sehemu uliyowahi kufanya, yenye nembo ya ofisi, cheo chako, tarehe ya kuanza na kuacha, saa za kazi kwa wiki na majukumu. Mwombe bosi aweke imeili anayoifungua kweli, sio ile ya Yahoo ya mwaka 2009.
- Vyeti na transkripti. Kama una digrii utahitaji tathmini ya kuilinganisha na ya Kanada, wengi wanatumia shirika linaloitwa WES, na pale transkripti inatakiwa itoke chuoni moja kwa moja. Ukiipeleka mwenyewe mkononi haihesabiki. Kwa hiyo nenda chuoni kwako ukiwa bado hapa, lipia, simama pale mpaka uone imetoka.
- Barua ya kuthibitisha leseni yako ya udereva kutoka TRA. Leseni ya Bongo Ontario unaitumia siku 60 tu ukishakuwa mkazi, baada ya hapo unaanza mitihani yao, na bila barua ya uthibitisho miaka yako kumi ya kuendesha Mbagala mpaka Posta haitahesabiwa yote.
- Tafsiri ya karatasi yoyote iliyoandikwa Kiswahili. BAKITA wanafanya kazi hiyo.
- Imeili yenye jina lako la kwenye pasipoti. Kama yako inaanza na "mtozkitaa" fungua nyingine leo.
- Akiba ya kula na kulala miezi minne bila kazi. Najua ni nyingi, ila mwenye njaa anakubali chochote na kule kuna watu wanaishi kwa kuwawinda wenye njaa.

Onyo kabla hujamlipa mtu: kuna watu mjini hapa wanauza "kazi ya Kanada" kwa mamilioni, wanataja LMIA, wanaonyesha barua yenye nembo. LMIA ni karatasi anayoomba mwajiri serikalini ili aajiri mgeni, ada yake ni dola 1,000 kwa kila nafasi, na sheria inamkataza kumbebesha mfanyakazi gharama hiyo. Ukiambiwa ulipie wewe, ama barua ni feki ama mwajiri mwenyewe anavunja sheria, na kwa vyovyote vile atakayeumia ni wewe. Una wasiwasi na ejensi ya hapa Dar, kawaulize TaESA, ni wakala wa serikali wa huduma za ajira.

## Hatua ya 1: SIN, laini, benki (siku tatu za kwanza)

SIN ni namba ya tarakimu tisa, bila hiyo hakuna atakayekulipa kihalali. Inatolewa bure na Service Canada, ofisi ya huduma ya serikali, unaweza kuomba mtandaoni au ukaenda ofisini kwao na pasipoti na kibali chako ukatoka nayo siku hiyo hiyo. Kama wewe ni wa muda namba yako itaanza na 9, hiyo ni kawaida, usiogope.

Usitembee nayo kwenye pochi. Na usimpe mtu yeyote kabla hujaajiriwa, hata kama tangazo linasema "tuma SIN yako tukuandalie mkataba". Mwajiri wa kweli anaiomba ukishaanza kazi. Mwizi akiipata anakopa kwa jina lako.

Umefaulu ukiwa na SIN, namba ya simu ya Kanada na akaunti ya benki ya kupokea mshahara.

## Hatua ya 2: Tengeneza voismeili yako

Najua utairuka hii. Usiiruke.

Bongo hamna anayeacha ujumbe wa sauti kwenye simu, ukikosa unapigiwa tena au unatumiwa meseji. Kule mwajiri anapiga mara moja, usipopokea anaongea na mashine, na akikuta mashine inamwambia sanduku halijawekwa au limejaa, anakwenda kwa mtu anayefuata kwenye listi. Hakupigii tena, wala hakutumii WhatsApp.

Mimi yamenikuta. Wiki ya nne nilikuwa kwenye basi kuelekea Scarborough, simu ikaita, namba siijui, nikasema hawa watakuwa matapeli nikaacha iite. Jioni naingia kwenye imeili nakuta ujumbe wa saa tano asubuhi, wamejaribu kunipata kuhusu nafasi ya stoo, wameshindwa kuacha ujumbe, kama bado nataka niwapigie kabla ya saa tisa. Ilikuwa imeshafika saa kumi na mbili. Nikapiga ikaita tu, kesho yake nikaambiwa nafasi imejaa.

Kwa hiyo fanya hivi: bonyeza namba 1 kwenye simu yako ushikilie, fuata maelekezo, rekodi kwa Kiingereza taratibu, jina lako, asante kwa kupiga, acha ujumbe nitakupigia. Sekunde kumi zinatosha. Muziki wa kuitikia simu, kaswida, kwaya, toa vyote. Alafu mwambie mtu akupigie usipokee, sikiliza kama unaeleweka. Na kuanzia siku hiyo namba usiyoijua unapokea.

## Hatua ya 3: Chana CV ya Bongo, andika ya kule

Hapa ndo wengi wanakufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

CV ya kwanza niliyoenda nayo ilikuwa kurasa tano. Ilianza na picha, tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, uraia, ndoa, dini, shule ya msingi mpaka namba ya mtihani wa kidato cha nne, mwisho kabisa ile "mimi niliyetia sahihi hapa chini nathibitisha kwamba maelezo haya ni ya kweli" na sahihi yenye mkia mrefu. Nikaiprinti maktaba. Mama mmoja wa pale maktaba, mtu mzima, akaichukua, akakunja ukurasa wa kwanza ukabaki mstari wa jina tu, akaniambia kuanzia hapa mpaka hapa hakuna mtu anayeruhusiwa kukuuliza.

Sababu ni sheria. Ontario mwajiri haruhusiwi kubagua kwa umri, dini, ndoa, asili ya mtu na kadhalika. Ukimletea karatasi yenye mambo hayo yote na asikuchukue, amejiweka kwenye hatari ya kulalamikiwa. Wengine wanaona bora wasiisome kabisa. Wewe unafikiri umekuwa mkweli kumbe umempa mtu bomu.

Vya kutoa: picha, umri, jinsia, dini, ndoa, watoto, uraia, namba ya pasipoti, shule ya msingi, sahihi, majina ya wadhamini (unaandika watapatikana wakihitajika, au huandiki kitu), na namba ya simu inayoanza na +255.

Vya kuweka: jina, simu ya kule, imeili, mji unaoishi. Mistari mitatu ya kusema wewe ni nani kwa kazi hii. Kazi ulizofanya ukianzia ya karibuni. Elimu fupi. Ukurasa mmoja kwa kazi za mwanzo, miwili kwa kazi za ofisini.

Sasa majukumu. Sisi tunaandika "nilihusika na shughuli za stoo". Hiyo haisemi kitu. Utaandika kwa Kiingereza lakini wazo liwe hivi: "Nilipokea na kupanga mzigo wa kontena mbili kwa wiki, nikasimamia vibarua wanne, nikafanya hesabu ya stoo kila Jumamosi na kuingiza kwenye Excel." Kitenzi, idadi, matokeo. Kama ulikuwa unauza duka la nguo Kariakoo una mambo mengi ya kuandika kuliko unavyodhani, umehudumia watu mia kwa siku, umeshika hela, umegundua noti feki, umepatana na wateja wa lugha tatu. Mtu wa kule hajui Kariakoo ni nini, mwambie ni soko kubwa la jumla na rejareja la Dar es Salaam, maneno machache tu yanatosha.

Ukiona tangazo lina maneno yao, mfano "kupanga oda" au "huduma kwa wateja", na wewe kweli umefanya hayo, tumia maneno yale yale ya kwenye tangazo. Kampuni nyingi zinapitisha CV kwenye programu kwanza na programu haijui kwamba "nilikuwa kaunta" na "huduma kwa wateja" ni kitu kimoja. Kwa hiyo usitume CV moja sehemu mia. Tuma tano kwa siku, kila moja imebadilishwa kidogo.

Swali ninaloulizwa sana: nipunguze digrii? Kwa kazi ya ghala au usafi, ndiyo, unaweza kuacha kuitaja masters yako, CV sio kiapo, hulazimiki kuweka kila kitu. Ila kuongeza usichokuwa nacho, hapana. Wanapiga simu.

Umefaulu kama mtu asiyekujua akiisoma sekunde ishirini anaweza kukwambia unaomba kazi gani. Nenda nayo maktaba ujaribu. Toronto Public Library kadi ni bure ukiwa mkazi, kompyuta zipo, intaneti ipo, na joto lipo, Januari hilo la mwisho sio dogo.

## Hatua ya 4: Kazi ya kwanza, yaani boksi

Tukubaliane tu, wengi kazi ya kwanza haitakuwa ya fani yako. Maghala ya Mississauga na Brampton (miji jirani ya Toronto), viwanda vya chakula, usafi, jikoni, ulinzi. Sio aibu na sio mwisho, unaenda pale kuchukua vitu vitatu: hela ya kodi, mstari wa Kanada kwenye CV, na supavaiza atakayekuja kuwa mdhamini wako.

Pa kutafuta: Job Bank (ni tovuti ya serikali, bure), Indeed, tovuti za maduka makubwa yenyewe, na kuingia mlangoni na CV mkononi kwa migahawa na maduka madogo. Hii ya kuingia mlangoni nenda saa nane au tisa mchana wakati hawana wateja, ulizia meneja, sema sentensi mbili, acha karatasi, toka. Usiende saa sita na nusu watu wamejaa wanakula, utajibiwa vibaya na utastahili.

Alafu kuna ejensi za vibarua. Zinachukua watu haraka kuliko mtu yeyote, na kwa wiki za mwanzo zinasaidia, ila fungua macho:

Tangu Julai 2024 ejensi Ontario lazima iwe na leseni ya serikali, na majina yako mtandaoni yanatafutika. Hairuhusiwi kukutoza hata senti kwa kukutafutia kazi. Ukiambiwa ulipie usajili, "fomu", au kozi yao ya lazima, ondoka.

Kuna ejensi moja, jina siliweki, ilinipeleka kwenye kiwanda cha mikate shifti mbili za "majaribio" alafu wakasema majaribio hayalipwi. Nilinyamaza maana sikujua. Kumbe mafunzo ni saa za kazi na yanalipwa. Wewe sasa unajua.

Kima cha chini Ontario tangu Oktoba 2025 ni dola 17.60 kwa saa. Ukifanya zaidi ya saa 44 kwa wiki, zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu kwa kazi nyingi. Anayetaka kukulipa kesh mkononi chini ya hapo anakwambia anakusaidia usikatwe kodi, ukweli ni kwamba hutakuwa na karatasi ya mshahara, hutakuwa na ushahidi ulifanya kazi, na siku ukiumia mkono utahangaika kuthibitisha ulikuwa kazini. Na jamani usizidishe dola kwa shilingi wiki ya kwanza. Kodi ya nyumba nayo ni kwa dola.

Kabla hujasema ndiyo kwenye shifti ya usiku, angalia basi. Kuna maghala ukitoka saa nane za usiku unasimama barabarani nyuzi kumi na tano chini ya sifuri hakuna kitu kinachopita. Siku hizi ukiwa na kadi ya nauli ya Presto kubadili kutoka TTC (usafiri wa Toronto) kwenda basi la Mississauga au Brampton hulipi mara mbili, hiyo imesaidia, lakini kadi haileti basi.

Na viatu. Ghala litakwambia uje na viatu vya chuma mbele. Usinunue Dar. Wanaangalia alama ya pembetatu ya kijani ya CSA (shirika la viwango la kule) pembeni ya kiatu, kisipokuwa nayo unarudishwa getini, nimeona kijana karudishwa na buti jipya kabisa alilolibeba kutoka nyumbani kwenye sanduku.

Vyeti vidogo vinavyofungua milango: cheti cha usafi wa chakula kwa jikoni, Smart Serve kwa sehemu zinazouza pombe (kama imani yako inakuruhusu), na leseni ya ulinzi ambayo unasoma saa 40 kisha mtihani. Cheti cha foklifti kinauzwa kila kona, chukua kama una nafasi, ila ujue mwajiri bado anatakiwa akufundishe kwenye mashine yake.

## Hatua ya 5: Tafuta mdhamini huku unasubiri

Usikae ndani unarefreshi imeili. Kama una PR au umeshakubaliwa kama mkimbizi kuna taasisi zinazolipiwa na serikali kusaidia wageni bure, ACCES Employment na COSTI ni mbili za Toronto ninazozijua. Wanakupa mtu wa kukaa naye, anasoma CV, anafanya intavyuu ya mazoezi, na wengine wana waajiri wanaowapigia moja kwa moja. Watu wetu hawaendi, wanasema "ni mambo ya wakimbizi". Sijui hiyo fahari tunaipeleka wapi.

Cha pili ni kujitolea. Benki ya chakula ya mtaani, maktaba, msikitini, kanisani, mbio za hisani. Saa tatu kwa wiki, miezi miwili, alafu mwombe anayesimamia, kwa maneno haya haya: "Naweza kukuweka kama mtu wa kupigiwa kuhusu kazi yangu?" Muulize kabla, usimshtukize. Na kujitolea ni kwa taasisi ya hisani, sio kwa duka la mtu. Mwenye mgahawa akikwambia "njoo ujitolee wiki mbili nikuone" huyo anataka kibarua cha bure.

Watanzania wenzako watafute, watakuonyesha nyumba na dagaa wanauzwa wapi, lakini usiishie kwao tu. Kama wote mnafanya ghala moja, mtapeana habari za ghala lile lile.

Umefaulu ukiwa na majina mawili ya watu wa kule wanaojua jina lako na wamekubali kupigiwa.

## Hatua ya 6: Intavyuu

Kwanza saa. Wewe kichwani una saa za Kiswahili. Binti mmoja niliyekuwa namsaidia aliambiwa kwa simu kesho saa kumi na moja na nusu ya Kizungu, asubuhi, yeye akili ikachukua "kumi na moja na nusu" akaenda jioni. Andika kwa tarakimu na useme "asubuhi" au "mchana", kisha rudia kwa anayekupigia. Fika dakika kumi na tano kabla. Foleni ya Ubungo sio sababu kule, hata theluji sio sababu.

Wataanza na "tuambie kuhusu wewe". Hawaulizi umezaliwa wapi na wazazi wako wana watoto wangapi. Wanauliza kazi uliyofanya, unachojua, kwa nini uko hapa leo. Dakika moja na nusu, nyamaza.

Alafu watasema "tupe mfano wa siku ulipokuwa na mteja mgumu". Hapo unatoa kisa kimoja chenye mwanzo na mwisho, kilichotokea, wewe ulifanya nini, kikaishaje. Mfano: mteja alirudisha shati limeshavaliwa anataka hela, duka limejaa, nikamtoa pembeni nikamsikiliza, nikampa abadili kwa shati jingine badala ya hela, akaondoka na wiki iliyofuata akaleta dada yake. Kisa cha Kariakoo kinafaa kabisa. Kosa letu ni kusema "sisi tulifanya", kwa adabu, hatutaki kujisifu. Pale sema "mimi". Wao wakisikia "sisi" wanajiuliza wewe ulikuwa unafanya nini wakati wenzio wanafanya.

Andaa visa vinne: mteja mgumu, kosa ulilofanya ukalirekebisha, kufanya kazi na timu, siku ya kazi nyingi. Vinne vinajibu karibu kila kitu.

Mwisho watauliza una swali? Kusema "hapana" kunaonekana hutaki kazi. Uliza shifti zinapangwaje au mtu mpya anafundishwa na nani. Ukitoka, jioni tuma imeili ya mistari mitatu ya asante.

## Hatua ya 7: Anza kurudi kwenye fani yako mapema

Usisubiri "nijipange kwanza", boksi lina mazoea. Kuna fani zinazosimamiwa na bodi na huwezi kuzifanya bila leseni ya jimbo: uuguzi, udaktari, ualimu, uhandisi ukitaka cheo chenyewe. Ufunguzi wa faili unachukua miezi, kwa hiyo fungua ukiwa bado unabeba boksi. Wahandisi wana afueni kidogo, bodi ya Ontario iliacha mwaka 2023 kudai uzoefu wa ndani ya Kanada. Na kuanzia Januari 2026 waajiri wengi wa Ontario hawaruhusiwi kuandika kwenye tangazo kwamba lazima uwe na uzoefu wa Kanada. Kwenye tangazo, nasema, vichwani mwao bado upo, ndo maana mdhamini bado anahitajika.

Fani zisizo na bodi kama IT, uhasibu wa kawaida, ununuzi, masoko, hizo ingia daraja moja au mawili chini ya ulilokuwa nalo. Mimi nilikuwa mhasibu mkuu hapa mjini, nikaingia kule kama karani wa ankara. Iliniuma mwezi wa kwanza. Miezi kumi na minne baadaye nilikuwa nimepanda, na aliyenipigia debe ni supavaiza wa ghala, sio mtu wa uhasibu, aliwaambia tu kwamba hesabu za stoo zilikuwa hazijawahi kulingana mpaka nilipozishika mimi.

## Hatua ya 8: Kuondoka vizuri

Ukipata kazi bora usipotee kimya kimya kama tunavyofanya kwa mhindi, leo upo kesho haupo, simu imezimwa. Andika barua fupi, toa wiki mbili, malizia shifti zako zote. Karatasi zako za mshahara zote zipige picha, na hakikisha wana anwani yako mpya maana fomu ya T4 ya kodi wanaitoa mpaka mwisho wa Februari na ritani inatakiwa mpaka tarehe 30 Aprili.

Na siku ya mwisho kabisa, kabla hujafika mapokezi, nenda kwa supavaiza wako uchukue namba yake ya simu ya mkononi na imeili yake binafsi, muulize kama anakubali kupigiwa. Fanya hivyo kabla hujarudisha beji. Ukisharudisha beji ule mlango haufunguki tena.